Simu inaniambia mimi si mimi: shajara ya mradi wa mzani, Mtwara 2024

Machi 14, Alhamisi

Kikao cha kwanza, baada ya futari, kibarazani kwa dada, Chikongola. Tuko watatu. Mimi upande wa seva. Dada anashika skrini na kila kinachoonekana kwa mtumiaji. Mdogo wetu, aliyemaliza chuo mwaka jana, anajua simu kuliko sisi wote na anajua kwamba anajua.

Chama cha msingi kimoja njia ya Nanyamba kimekubali tujaribie kwao. Kazi kuieleza ni nyepesi: mkulima akileta mzigo ghalani, karani anapima, anaingiza kilo kwenye simu, na mkulima anapata ujumbe mfupi palepale wenye jina lake, kilo, daraja na namba ya stakabadhi. Hatugusi malipo wala mnada. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani (mzigo unakusanywa ghalani, mkulima anapewa stakabadhi, kisha unauzwa mnadani) uanze kwenye korosho mwaka 2007, swali la huku Kusini ni lilelile: kilo zangu zimeishia wapi? Mwingine anajibiwa unyaufu, mwingine anajibiwa kosa la karani, mwingine hajibiwi. Tunataka mkulima aondoke pale mzanini na kitu mkononi.

Hela hatuna. Kwa hiyo tumechukua huduma ya bure ya kampuni moja kubwa ya ng'ambo: kuingia kwa neno la siri, kanzidata, hifadhi ya picha, vyote bila malipo mpaka uvuke kiwango. Jina lao sitaliandika humu. Sisi tunawaita Wakubwa. Kuunganisha kila kitu kumenichukua saa moja na nusu. Dada aliuliza, "Na wakitukataa?" Nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka.

Machi 29, Ijumaa

Bure yao inataka kadi ya benki, eti kuthibitisha kwamba wewe ni mtu. Kadi yangu imekataliwa. Ya dada imekataliwa. Ya shemeji imepita. Basi akaunti imesimama kwa jina la shemeji, ambaye hajui hata aplikesheni ni nini. Yeye anavusha bidhaa Msumbiji na kurudi. Tumekubaliana tutabadilisha jina baadaye.

Mei 5, Jumapili

Kimbunga Hidaya. Sisi mjini tumepata upepo na mvua ya kutosha, ila barabara ya Dar imekatika kule Somanga na simu zetu kumi za mtumba kutoka Kariakoo ziko ndani ya basi upande wa pili wa maji. Mdogo wetu anasema tuzungushe mzigo kwa Songea. Nimemwambia apige hesabu ya nauli kwanza, akanyamaza.

Mei 13, Jumatatu

Jana intaneti imezimika nusu ya Afrika Mashariki. Kebo za baharini, EASSy na SEACOM, zimekatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Leo inakuja kwa kudondoka, kama bomba la Newala.

Faida yake ni kwamba nimeiona programu yetu uchi. Nimefungua: skrini nyeupe, kiduara kinazunguka. Nimesubiri dakika nne, kinazunguka tu. Kilo za mkulima zilikuwa ndani ya simu hiyohiyo niliyoishika, lakini programu haithubutu kunionyesha mpaka iende ng'ambo kuomba ruhusa na irudi. Ghala la Nanyamba, ambako mtandao unapatikana ukisimama karibu na mwembe, haliwezi kufanya kazi hivi.

Uamuzi: kila kipimo kiandikwe kwanza ndani ya simu yenyewe, kwenye SQLite, kanzidata ndogo isiyohitaji mtandao, kisha kitumwe mtandao ukirudi. Dada kakasirika, na ana haki, maana skrini zake zote zilijengwa kwa kudhani jibu linakuja mara moja. Wiki tano za kazi zimeongezeka.

Mei 28, Jumanne

Nimesoma habari ya UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000. Mwanzoni mwa mwezi huu wingu lao la binafsi kule Google Cloud lilifutika, mpaka nakala zilizokuwa sehemu ya pili ndani ya wingu hilohilo. Chanzo kilichoelezwa: wakati wa kuiandaa, nafasi moja ya kujaza iliachwa tupu, mashine ikachukulia kwamba muda ni mwaka mmoja, na mwaka ulipotimia ikafuta. Miongoni mwa vilivyowaokoa ni bakapu waliyokuwa nayo kwa kampuni nyingine kabisa.

Mkuu wa Google Cloud alitoa taarifa ya pamoja na mkuu wa mfuko. Mfuko wenye mabilioni unapata hilo. Mimi nimeandika ukutani kwa chaki: BAKAPU KWINGINE.

Juni 25, Jumanne

Ufuta umeanza kuingia, na ndio jaribio letu kabla ya korosho. Simu zilishafika, zote nzima isipokuwa moja yenye kioo kilichopasuka. Na simu ya karani mwenyewe zinafanya kumi na moja.

Nimekaa ghalani kutwa nzima, na nataka niandike nilichokiona, maana nilikuwa nimejenga kitu cha kupimia bila kuwahi kuangalia mtu akipima. Karani ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Gunia linapandishwa mzanini, namba zinacheza: 61.4, 61.8, 61.5. Vijana wa kubeba wanataka kulishusha, yeye kainua kidole. Anasubiri namba isimame, anahesabu kimoyomoyo mpaka tatu, midomo inacheza, ndipo anaandika. Na anaandika kwanza kwenye kauntabuku, kwa kalamu nyekundu, halafu anavuta simu.

"Mzee, si ungeanza na simu? Daftari tunataka lipumzike."

"Lipumzike wapi, mwanangu? Hili ndilo lililonitetea mwaka wa jeshi."

Anasema 2018, serikali ilipoamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 na malori ya jeshi yakaja kubeba. Wahakiki walipita vijijini kuuliza mwenye mzigo mkubwa aonyeshe shamba lake. Kila aliyeulizwa alikimbilia kwa karani, na karani akafungua kauntabuku. Analo bado, juu ya kabati, limefungwa kwenye mfuko wa salfa, ile dawa ya mikorosho.

Tatizo la kiufundi la siku: punje za ufuta zinaingia kwenye tundu la chaji. Simu tatu zimegoma kuchaji kwa sababu hiyo. Tumezitoa kwa mwiba wa mlimau. Hakuna kitabu cha programu kilichonionya.

Julai 9, Jumanne

Saa nne na dakika arobaini karani amepiga.

"Fundi, simu inaniambia mimi si mimi."

Nilidhani amekosea neno la siri. Nikajaribu la kwangu. Na mimi si mimi. Simu zote kumi na moja zimetolewa nje kwa mpigo.

Barua pepe ilikuwa imeingia usiku, kwa Kiingereza laini: akaunti imesimamishwa kwa kuwa tumekiuka masharti ya matumizi. Sharti gani, hakuna. Kiungo kinakupeleka kwenye masharti yote, nimeyapima kwa kidole, yanateremka mpaka mkono unachoka. Dhana yetu ni kwamba jana tulisajili simu zote ndani ya saa moja kupitia modemu moja, na roboti lao likaona watu kumi na mmoja wanatokea shimo moja. Ni dhana tu. Hawajasema.

Na sasa kosa letu, maana shajara isiyo na kosa la mwandishi ni tangazo. Sisi wenyewe tuliandika kwamba mtu akitoka kwenye akaunti, kilichomo simuni kifutwe, kwa usalama, simu isije ikaibwa na taarifa za wakulima. Wakubwa walipotutoa, simu zetu zikatii amri yetu. Vipimo 214 vimeondoka. Vilivyotumwa viko kwao, nyuma ya mlango uliofungwa. Visivyotumwa havipo popote.

Nimegeuka nikaiona ile chaki ukutani. Sikuwa nimefanya.

Fomu ya rufaa ina orodha ya sababu za kuchagua. Hakuna hata moja inayosema "sijui nimekosa nini." Nimechagua iliyo karibu. Herufi 500, mwisho. Jibu limerudi baada ya dakika nne: wamelipitia suala langu kwa makini na uamuzi unabaki. Dakika nne. Mimi karani ananichukua dakika nne kumsalimia.

Simu yao haipo. Kuna huduma ya kulipia ambako unazungumza na mtu, ila kuinunua lazima uingie kwenye akaunti.

Julai 12, Ijumaa

Juzi tulikwenda ghalani wote watatu, kwa sababu habari kama hii haipelekwi kwa simu. Mwenyekiti alitusikiliza mpaka mwisho bila kukatiza, jambo lililonitisha.

"Ofisi yao iko wapi?"

"Huku hawana, mzee."

"Dar?"

"Sijui kama kuna wa kupokea shida hii hata huko."

"Kwa hiyo mlichukua daftari letu mkampa mtu msiyejua anakaa wapi."

Dada alianza kueleza wingu, seva, kiwango cha bure. Karani akamsaidia, kwa njia yake. "Mwenyekiti, hiyo ni kangomba."

Kwa wasio wa Kusini: kangomba ni mnunuzi wa njaa. Anakuja korosho zikiwa bado maua, anampa mkulima hela ya kula, na msimu ukifika anakuja kubeba kwa kipimo chake mwenyewe, bakuli lililozidi kilo. Imepigwa marufuku miaka na miaka na bado ipo, kwa sababu njaa ipo. Hela ya kangomba haina fomu wala riba iliyoandikwa, inakuja haraka, na unaishukuru siku unapoipokea.

Saa moja na nusu ilinitosha kuunganisha kila kitu. Nililikumbuka hilo tukiwa njiani, mdogo wetu akiendesha pikipiki kimya.

Tulibeba kauntabuku. Karani hakutaka litoke, mwenyekiti akamwambia litatoka na yeye. Basi mzee amelala kwa dada usiku mbili, anasoma kwa sauti, sisi tunaingiza. Vipimo vyote 214 tumevipata. Vitatu vina shaka: ujumbe uliokwenda kwa mkulima unasema kilo nyingine, daftari linasema nyingine. Nani kakosea, mpaka tufunguliwe hatutajua. Dada kavitia alama ya kuuliza kwa kalamu ya buluu.

Julai 22, Jumatatu

Rufaa ya sita. Kila jibu lina jina la kwanza la mtu tofauti chini yake, na kila mmoja anaanza upya kama vile wenzake hawakuwahi kuwepo. Wa tano ameomba kitambulisho cha mwenye kadi. Shemeji alikuwa ng'ambo ya Ruvuma. Amerudi Ijumaa, ana namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, kadi yenyewe hajaletewa. Fomu inataka picha ya kadi, mbele na nyuma. Tumepakia karatasi yenye namba. Imekataliwa kabla kiganja changu hakijatoka kwenye kipanya.

Shemeji ni mpole. Ameuliza tu, "Kwani mimi nimefanya nini?"

Agosti 6, Jumanne

Mdogo wetu ameingia anashangilia. Jana huko Washington Jaji Amit Mehta ameamua kwamba Google ilivunja sheria kulinda ukiritimba wake kwenye utafutaji. Nimemwambia kesi ile ni ya serikali ya Marekani, inahusu nani awe wa kwanza kwenye simu ukitafuta kitu, na hata Google wakishindwa mpaka mwisho hakuna atakayekuja Nanyamba kutoa ufuta kwenye tundu la chaji. Amenuna. Pengine nilimkatia furaha bure.

Jioni nilimpitia mwalimu wangu wa zamani, Shangani, nikamlilia. Yeye husema kizazi chetu kinadhani kimeonewa cha kwanza. Akanirudisha kwenye Visual Basic 6, lugha ya Microsoft ya kuandikia programu. Watu kila pembe ya dunia walikuwa wameandika kwayo programu za mishahara, za stoo, za hospitali. Mwaka 2002 Microsoft wakaleta VB.NET, jina lilelile, lakini msimbo wa zamani hauendi humo bila kuandikwa upya. Machi 2005, msaada wa kawaida ulipokuwa unafikia mwisho, wataalamu wengi ambao Microsoft yenyewe ilikuwa imewapa heshima ya MVP walitia saini ombi la kutaka lugha ile iendelezwe. Kampuni haikugeuka.

"Wale hawakuwa adui," alisema, huku akimenya ming'oko. "Hao ndio waliokuwa wanawafundishia watu bure. Unaona?"

Nilimwuliza yeye alifanya nini. Alisema alijifunza kuhifadhi msimbo wake kwenye kitu anachoweza kukifungua mwenyewe, na kwamba alichelewa.

Agosti 19, Jumatatu

Tunajenga upya. Imechukua wiki mbili na bado.

Seva tumekodi kwa jamaa wadogo wa Dar, tunalipa kwa simu kila mwezi, kwa shilingi. Hilo la shilingi si dogo: dola inakaribia 2,700 na kuipata benki ni shughuli. Juzi seva iligoma, nikapiga, akapokea mtu. "Kaka, nipe dakika, naizima naiwasha." Si huduma ya kiwango cha juu hiyo, najua. Ila nilibaki nimeshika simu nikitabasamu kama mjinga.

Kanzidata ni PostgreSQL, ya msimbo wazi, tunaweza kuibeba na kuihamishia popote. Simu ndiyo yenye ukweli wa kwanza: kipimo kinapata namba yake hapohapo, herufi mbili za simu na namba ya mfululizo, ili simu mbili zisizo na mtandao zisitoe stakabadhi zenye namba moja. Mtandao ukipatikana zinatuma, seva inajibu "nimepokea", na mpaka jibu hilo lije simu haifuti kitu, hata mtu akitolewa nje mara mia. Kila jioni nakala inashuka kwenye flashi iliyo ndani ya droo ya cherehani ya dada. Dada anasema droo ile haijawahi kukiuka masharti.

Ramani za mashamba tulikuwa tumeshaweka OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, tangu mwanzo, na hapo angalau tulikuwa na akili. Wengi tunakumbuka Julai 2018, Google Maps walipobadilisha bei: kiwango cha bure kilikuwa ramani 25,000 kwa siku, kikawa kama 28,000 kwa mwezi mzima. Ramani ndogo ya duka au ya daladala ikageuka bili.

Mafunzo kwa wanachama yamesogezwa. Huu ni wakati wa kupuliza salfa, hutampata mkulima nyumbani, na ukimpata kanuka na macho mekundu hataki kusikia habari ya simu.

Septemba 13, Ijumaa

Unity, wenye injini ya kutengenezea michezo ya kompyuta, wamefuta ile tozo yao. Jana, mwaka mmoja kamili tangu waitangaze. Septemba 12, 2023 waliamka wakasema wanaotengeneza michezo kwa injini yao watatozwa kila mchezo unaposakinishwa ukishavuka viwango fulani, hadi senti 20 za dola kwa usakinishaji mmoja, kuanzia Januari, hata kwa michezo iliyokwisha kutoka. Watengenezaji walichachamaa, wengine wakaanza kuhama, kampuni ikalegeza, mkurugenzi John Riccitiello akaondoka Oktoba. Sasa imefutwa kabisa.

Dada anasema hiyo ndiyo dawa, kupiga kelele. Mimi nasema wale walikuwa wengi, na walikuwa wanalipa. Sisi tuliokaa kwenye bure yao tungepigia kelele wapi? Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mdogo wetu akaleta mfano wa tatu: Parse, huduma ya seva ya Facebook, waliotangaza kufunga Januari 2016, wakawapa watu mwaka mzima wa kuhama na msimbo wa seva wakauachia wazi wajiendeshee. Kufunga nako kuna adabu yake. Hapo tulikubaliana.

Septemba 28, Jumamosi

Jaribio kwa mbaazi. Limekwenda vizuri kuliko nilivyotegemea, isipokuwa stakabadhi mbili zimetoka na tarehe 1 Januari 1970. Simu za mtumba, betri ikiisha kabisa zinasahau mwaka. Karani kanionyesha kwa furaha ambayo hakuificha. "Mwaka huu sikuwa nimeajiriwa." Tumerekebisha: simu ikiwa na tarehe iliyo nyuma ya kipimo cha mwisho, inagoma na kumwomba karani aweke saa.

Oktoba 2, Jumatano

Barua pepe: "Habari njema!" Akaunti imerejeshwa. Hakuna sababu ya kufungwa, hakuna sababu ya kufunguliwa. Siku 85.

Saa hiyohiyo shemeji kapiga: kadi yake imekatwa dola 11.37. Ni gharama ya kuhifadhi picha zetu katika miezi ambayo hatukuruhusiwa kuziona, maana kile kiwango cha bure kilisitishwa tulipofungiwa. Kama elfu thelathini. Tumemrudishia kutoka kwenye hela ya mafuta ya pikipiki.

Kila kitu kilikuwepo, mpaka asubuhi ya Julai 9, kama nyumba ambayo mtu ameifunga akasafiri. Tumepakua vyote. Vile vipimo vitatu vyenye alama ya buluu: picha za mzani zipo, tumezikuza. Viwili tulikosea sisi. Vidole vya aliyeingiza viligusa 8 badala ya 5. Kimoja alikosea karani, 67 kaandika 76. Tumempigia. Alikaa kimya kidogo, akasema atakisahihisha, lakini kwa mstari mmoja, cha zamani kibaki kinasomeka.

Kisha tumeifunga akaunti. Skrini sita za kuuliza kama tuna uhakika.

Oktoba 11, Ijumaa

Mnada wa kwanza wa msimu, bei imevuka shilingi 4,000 kwa kilo. Mjini bodaboda wote wana habari. Njia nzima ya Nanyamba inanuka mabibo na ghalani magunia yamepangwa mpaka nje, yamefunikwa turubai. Kwetu vipimo 312 kwa siku, umeme ulikatika mara mbili, mtandao mara sijui ngapi, hakuna kilichopotea. Karani bado anaanza na kauntabuku. Nimeacha kumsemesha.

Oktoba 17, Alhamisi

Amekuja mama mmoja mkulima, kwa miguu, viatu mkononi, amekaa kwenye benchi mpaka foleni ikaisha. Shikamoo zikapita. Akatoa simu ya batani kwenye pindo la kanga.

"Nimewajibu mara nne. Hamjibu."

Ujumbe wetu ulimwambia kilo 71. Yeye alileta magunia sita. Akajibu: hizo si zangu. Kimya. Akajibu tena. Nimeisoma ya nne, imeandikwa kwa herufi kubwa zote: MIMI NI MKULIMA WA KWELI NAOMBA MNISIKIE.

Ujumbe wetu unatoka kwa jina la mradi, herufi tisa, halina namba nyuma yake. Kampuni ya ujumbe inaruhusu jina kutuma tu. Ukijibu, jibu linakwenda pasipojulikana. Nilijua hilo tangu Machi. Nilichagua jina kwa sababu lilionekana la heshima kuliko namba.

Tatizo lenyewe lilikuwa dogo: chama kina wanawake wawili wenye majina mawili yanayofanana, karani kagusa wa juu. Dakika sita tukawa tumemaliza, na yule mwingine, aliyepata kilo asizozipima, hajasema chochote hadi leo.

Mama alipokuwa anavaa viatu akauliza, bila ukali, "Sasa mnaandikiaje watu halafu hamsikii?"

Dada akaniangalia. Hakusema kitu.

Oktoba 18, Ijumaa

Ujumbe mmoja ni herufi 160, ukizidi unalipia miwili. Ili namba ya simu ienee tumeondoa "Asante kwa kushirikiana nasi." Pia tumeongeza jina la baba kwenye orodha ya wanachama, na skrini ya karani inaonyesha kijiji kabla hajagusa. Jumla sasa herufi 158. Namba ni ya mdogo wetu, ndiye mwenye laini mbili.

Oktoba 19, Jumamosi

Simu ya kwanza imeingia saa kumi na moja alfajiri. Mpaka magharibi zimekuwa 23. Tisa zilitaka kujua bei ya mnada ujao. Nne zilikuwa makosa ya kweli, tatu yetu, moja ya mzani uliokaa kwenye sakafu iliyoinama. Mbili ziliulizia salfa. Mzee mmoja alisalimia tu, akauliza na watoto hawajambo, akakata. Sita zilikuwa za mtu mmoja aliyekuwa hasikii vizuri. Ya mwisho ilikuwa ya karani, alitaka kujua kama inapokelewa kweli.